TUJIPIME KABLA HATUJAPIMWA

Masomo: Danieli 5:1-30, 1 Wakorintho 6:12, Luka 19:1-10



Habari za mfalme Belshaza twazijua tangu Shule ya Jumapili. Alifanya karamu kubwa, akaagiza viletwe vile vyombo vilivyotwaliwa katika hekalu la Yerusalemu, wakanywea mvinyo yeye na wakuu wake. Ndipo vidole vikaonekana vikiandika ukutani. Danieli alipoitwa kuyafasiri maandiko yale, alimweleza mfalme kwamba siku za ufalme wake zimekwisha kuhesabiwa, kwamba yeye mwenyewe amewekwa katika mizani na uzito wake haukutosha, na kwamba ufalme wake utagawanywa. Usiku ule ule akauawa.

Mara nyingi tukisoma habari hii twautazama ule mkono ulioandika. Leo nawaomba tuitazame mizani. Wafalme waliopungua uzito walikuwa wengi kabla ya Belshaza. Msiba wake ni kwamba hakujipima hata siku moja, akaja kupimwa katika usiku ambao hapakuwa na nafasi tena ya kutengeneza neno lo lote. Katika Kwaresima Kanisa latupa siku arobaini za kujipima wenyewe, mchana kweupe, mlango ungali wazi. Na kitu ninachotaka tukiweke juu ya mizani ni kile tunachokichukua mifukoni kila siku, yaani simu, na hasa kamari iliyomo ndani yake.

SWALI LA JIRANI

Jirani yangu mmoja, mama Mwislamu ambaye mwanawe nilimfundisha darasani, alinijia jioni moja akiwa na neno zito. Fedha za upatu, alizokuwa amezipokea ili alipie ada ya mtoto wake mdogo, zilikuwa zimekwisha. Yule mkubwa alizichukua, akazicheza zote kwa simu katika usiku mmoja. Katika dini yao kamari ni haramu waziwazi, kwa hiyo aibu ya mama huyu ilikuwa mara mbili, wala hakuthubutu kulitoa neno hili mbele ya ndugu zake. Akaniuliza, "Mwalimu, niambie kweli. Mwanangu ni mgonjwa, au ni mwizi?"

Swali hili laulizwa katika nyumba nyingi hapa Unguja, za Waislamu na za Wakristo. Halijibiwi kwa hasira, wala halijibiwi kwa huruma tupu. Lataka kipimo.

Wazee wenzangu huenda hawajui mambo haya yaendavyo. Vijana husema "kubeti", na karatasi au orodha ya mechi walizozibashiri huiita "mkeka". Kijana huchagua mechi kumi, tuseme, za Uingereza, Hispania na za kwetu, akaweka shilingi 1,000. Zikitokea zote kumi kama alivyobashiri, apata fedha nyingi. Ikiharibika moja tu, mkeka wote umechanika.

Na tufanye hesabu, kama tulivyofanya ubaoni. Tuseme kila mechi ina nafasi moja katika mbili ya kutokea kama alivyotaka. Mechi mbili zote kutokea ni nafasi moja katika nne. Tatu, moja katika nane. Na kumi, moja katika 1,024. Kama mwenye mchezo angekuwa mtu wa haki tupu, angemlipa mshindi mara 1,024 ya fedha yake. Lakini akijikatia hata sehemu 5 tu katika kila 100, katika kila mechi, malipo yashuka hadi mara 613 hivi. Maana yake, katika kila shilingi 1,000 zinazowekwa kwenye mikeka ya namna hii, kwa wastani zarudi kama 600, na 400 zabaki kwa mwenye mchezo. Huu ndio mkeka ambao vijana wetu wataka kuulalia.

Tena jina limevikwa kanzu mpya. Zamani tulisema kamari, na neno lilimshtua msikiaji. Sasa yaitwa michezo ya kubahatisha. Tanzania Bara ina sheria yake ya mwaka 2003 na Bodi ya kuisimamia, na mtoto wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Lakini simu haijui mpaka wa bahari wala umri wa aishikaye. Kijana aliyekaa barazani Michenzani aweza kuufikia mchezo ule ule anaouchezea mwenziwe wa Dar es Salaam.

Jirani zetu wameishaona moto huu. Mwaka 2017 shirika la GeoPoll liliwauliza vijana wa nchi kadhaa za Afrika kwa njia ya simu, na katika Kenya vijana 76 katika kila 100 walioulizwa walikiri kwamba wamewahi kucheza kamari. Mwaka 2019 serikali ya Kenya ilizinyima leseni kampuni 27 za mchezo huo, na mwaka ule ule Rais wa Uganda aliagiza kwamba leseni mpya zisitolewe. Serikali zina kazi yao. Lakini mizani niliyokusudia mimi ni ile ambayo serikali haiwezi kuishika kwa niaba yetu.

Ndugu zangu, vipimo viko vitatu.

KIPIMO CHA KWANZA: CHA MFANYABIASHARA

Sisi tunaosali katika Kanisa Kuu la Kristo pale Mkunazini twajua tumesimama mahali gani. Hapo palikuwa soko la watumwa. Lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba aliouridhia Sultani Barghash, na Sikukuu ya Noeli ya mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Askofu Steere akalijenga, na yasemekana altare imesimama pale ulipokuwa mti wa kuwachapia watumwa.

Msafiri Mwingereza, Kapteni Smee, aliyefika Unguja mwaka 1811, aliandika jinsi biashara hiyo ilivyokuwa katika siku zake. Mnunuzi alimsimamisha mtu, akamtazama kinywa na meno, akampapasa viungo, akampima toka kichwani hadi miguuni. Angalieni, kipimo kile kilikuwa cha makini sana. Aliyekuwa akipimwa hakupata kupimwa namna ile na mtu mwingine ye yote. Lakini alipimwa ili ijulikane bei yake.

Kipimo cha namna hii hakijakoma duniani. Mwenye mchezo wa simu ajua wewe wafungua saa ngapi, waweka kiasi gani, wakata tamaa baada ya kupoteza mara ngapi, na neno gani litakurudisha. Ukinyamaza siku chache, ujumbe waingia: umepewa nafasi ya kucheza bure. Wewe hujijui, yeye akujua.

Sisi tuliosoma saikolojia katika chuo cha ualimu twakumbuka njiwa wa Skinner, yule mtaalamu wa Marekani. Njiwa aliyepewa punje kila alipodonoa kitufe alidonoa akashiba akaacha. Lakini yule aliyepewa punje bila kujua ni lini itatoka, mara baada ya kudonoa mara tano, mara baada ya mara arobaini, huyo alidonoa bila kuchoka, na hata punje zilipokoma hakuacha upesi. Sisi tulifundishwa habari za njiwa yule ili tuwafahamu watoto. Wengine wameyatumia maarifa hayo kwa kazi nyingine.

Tazameni ule mchezo vijana wanaouita "kindege". Ndege yapaa, namba yapanda, na mchezaji yampasa kuchukua fedha yake kabla ndege haijatoweka. Kwa kawaida hayo yote huisha kwa muda mfupi kuliko kusali Baba Yetu, na mara hiyo hiyo ndege nyingine yapaa. Mtu aliyebashiri mechi ya mpira humngoja refa dakika 90, na katika dakika hizo aweza hata kujuta. Kindege hakimpi mtu nafasi ya kujuta. Na hao wasiocheza kamari wasijione salama: kidole kinachovuta picha moja baada ya nyingine usiku wa manane, kikingoja itokee moja ya kufurahisha, chafanya kazi ya njiwa yule yule.

KIPIMO CHA PILI: CHA TABIBU

Tabibu naye apima, lakini yeye apima ili aponye.

Kwa muda mrefu watu walidhani uraibu ni wa kitu kinachoingia mwilini tu: tambuu na tumbaku, pombe, unga. Kisha madaktari wakaona watu wanaotetemeka na kukosa usingizi kwa kitu ambacho hawakukila wala hawakukinywa. Vijana wa mitaani wana neno lao, "arosto", hali ya mtu aliyenyimwa alichozoea. Basi arosto ya kamari ipo. Mwaka 1980 madaktari wa akili wa Marekani waliiandika kamari ya kupindukia katika kitabu chao cha magonjwa, na mwaka 2013 wakaihamisha, wakaiweka katika fungu moja na ulevi. Orodha ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, yautaja uraibu wa kamari, na kando yake uraibu wa michezo ya kompyuta na simu.

Wapimaje? Kipimo kimoja kilichoenea sana kilitungwa Kanada, kikatolewa mwaka 2001. Kina maswali tisa juu ya miezi 12 iliyopita. Nayaeleza kwa maneno yangu. Je, umecheza fedha ambazo kwa kweli huwezi kuzikosa? Je, imekulazimu kuongeza kiasi ili upate msisimko ule ule? Je, umerudi kesho yake ili uzikomboe zilizopotea? Je, umekopa au umeuza kitu upate fedha ya kuchezea? Je, umewahi kuhisi kwamba neno hili limekushinda? Je, limekuharibia afya, hata kukutia wasiwasi? Je, watu wamekulaumu, hata kama uliona wamekosea? Je, limekuletea shida ya fedha wewe au nyumba yako? Je, moyo umekusuta?

Kwa kila swali, anayejibu "kamwe" apata 0. "Mara kwa mara" 1. "Mara nyingi" 2. Na "karibu kila mara" 3. Jumla ya juu kabisa ni 27. Ni mtihani ambao mwenye sifuri ndiye aliyefaulu. Mwenye 1 au 2 hatari yake ni ndogo. 3 hadi 7 ni ya kati. Na mwenye 8 au zaidi amekwisha kunaswa, na yampasa kutafuta msaada.

Angalieni jambo moja. Hapana hata swali moja linalouliza umecheza saa ngapi, wala umepoteza shilingi ngapi. Tajiri aweza kupoteza milioni asiyumbe, na mchuuzi wa Darajani akaangamia kwa elfu tano. Maswali haya yapima uhuru. Yauliza ni nani bwana na ni nani mtumwa. Mtume Paulo alikwisha kulisema hili alipowaandikia Wakorintho kwamba hata katika mambo yaliyoruhusiwa hatakubali kitu cho chote kimtawale.

Wako wataalamu waliopunguza maswali hata yakabaki mawili tu, mwaka 1997. La kwanza, je, umewahi kuona haja ya kuongeza fedha zaidi na zaidi? La pili, je, umewahi kuwadanganya watu wako wa karibu juu ya kiasi unachocheza? Akijibu "ndiyo" hata moja, yafaa achunguzwe zaidi. Mimi nimekaa na watoto darasani miaka mingi, na nakiri kwamba swali hili la pili lina hekima kubwa. Mahali mtu anapoanza kuficha, hapo ndipo mnyororo umefungwa.

Na juu ya matumizi ya intaneti yaliyopita kiasi? Hapa tuseme kwa uangalifu. Mwaka 1998 mwanasaikolojia Kimberly Young wa Marekani alitoa kipimo cha maswali 20, jumla 100. Lakini wakati ule mtu alikaa mezani mbele ya kompyuta, na siku hizi simu inalala naye kitandani. Tena wataalamu hawajakubaliana kama intaneti yenyewe iitwe ugonjwa. Kijana anayewatafutia watalii wageni vyumba aweza kushika simu saa kumi kwa siku naye ni mfanyakazi hodari, na mwingine akaishika saa mbili tu, nazo ni zile saa mbili alizotakiwa kumsikiliza mkewe. Tusiwahukumu watoto wetu kwa saa ya ukutani.

Lakini Jumapili ya 12 Mei 2024, iliyofuata Sikukuu ya Kupaa kwa Bwana, nyaya mbili za baharini ziitwazo EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Siku ile kila mtu alipewa kipimo bila kuomba. Ulijisikiaje? Kama ulikereka kwa kuwa kazi imelala, hilo ni jambo la kawaida. Kama ulikuwa mtu asiyejua afanye nini na nafsi yake, wala na watu wa nyumbani mwake, basi hesabu hiyo iandike.

KIPIMO CHA TATU: CHA BWANA

Namba haimponyi mtu. Mizani ya duka haijapata kumshibisha mwenye njaa. Ukijua kwamba umepata 14, umejua tu mahali ulipoangukia. Wa kukuinua ni mwingine.

Zakayo alikuwa mtu wa hesabu. Alijua kila mtu adaiwa nini, na alijua amejiongezea nini. Bwana Yesu alipomwita ashuke mtini hakumsomea madeni yake. Alimwambia leo atakaa nyumbani kwake. Kwanza Bwana aliingia nyumbani, na hesabu ikafuata, tena aliifanya Zakayo mwenyewe kwa hiari yake: nusu ya mali kwa maskini, na kila aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne.

Basi hapa ndipo nilipompatia jirani yangu jibu lake. Nilimwambia, "Mama, mwanao ni mgonjwa, na fedha alizochukua ni za wizi. Yote mawili ni kweli." Tukisema ni mwizi tu, tutampiga, tutamfukuza, naye atakwenda kucheza kwingine. Tukisema ni mgonjwa tu, tutamlipia madeni kila mwezi, naye hatapona kamwe, maana hajaulizwa neno lo lote. Atibiwe kama mgonjwa, na alipe kama mdeni, kidogo kidogo, hata ikiwa shilingi elfu moja kwa juma. Kulipa nako ni sehemu ya dawa. Zakayo alirudisha kwa furaha, kwa sababu alikuwa amekwisha kupokelewa.

BASI TUFANYE NINI?

Kwanza, kila mtu ajipime mwenyewe. Maswali yale tisa si fimbo ya kumchapia jirani wala mkwe. Jifungie chumbani, chukua kalamu, jibu kweli. Badili neno "kamari" uweke lile linalokushika wewe: picha za simu, umbea wa makundi, hata pombe. Mitihani yote niliyowahi kusimamia, huu ndio pekee ambao anayeibia ajiibia mwenyewe.

Pili, mwambie mtu mmoja. Siri ndiyo chakula cha uraibu. Kanisa letu limeitunza desturi ya maungamo, na padre afungwa na siri ile. Asiyeweza kwenda kwa padre aende kwa mkewe, kwa rafiki, kwa mzee anayemheshimu. Aikabidhi fedha yake kwa mtu mwaminifu kwa muda, na aifute programu ya mchezo katika simu mbele ya macho ya mwingine.

Tatu, tusione haya kutafuta wajuzi. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Kidongo Chekundu ni hospitali kama nyingine, wala si mahali pa kutishia watoto. Na tangu mwaka 2009 Unguja ina nyumba za kupona, ambazo watu huziita "soba hausi", zilizoanzishwa kwa ajili ya waliotekwa na unga. Humo hufuatwa hatua kumi na mbili, na mojawapo ni mtu kufanya hesabu ya maisha yake yote bila woga wala kujificha. Watu waliokuwa wakiitwa mateja, wakipigwa mawe na watoto, wamekaa chini wakajipima kwa ukweli. Sisi tukaao viti vya mbele kanisani tuna mengi ya kujifunza kwao.

Nne, mwenye madeni ya kamari asiachwe peke yake. Aibu ikichanganyika na deni huzaa giza kubwa, na wako waliofikiri kujiua. Ukimsikia kijana anasema hana faida tena duniani, usimhubirie. Kaa naye, na usimwache hata umfikishe kwa mtu wa kumsaidia.

Tano, wazazi tujiangalie. Tusimpe mtoto simu anyamaze, kisha miaka kumi baadaye tumlaumu kwa kuwa amenyamaza nayo. Na wakati wa kula, simu zote, ya baba kwanza, ziwekwe mbali na sinia.

Wapendwa, chini ya msalaba wa Bwana palikuwa na askari wakipiga kura juu ya vazi lake. Hapakuwa na watu waliokuwa karibu na wokovu wa dunia kuliko wao. Damu ilikuwa ikidondoka hatua chache tu kutoka walipochutama. Lakini macho yao yalikuwa chini, yakingoja kuona kura imemwangukia nani. Mmoja alikwenda zake jioni ile na vazi mkononi, huenda akafurahi kwamba ameshinda.

Tuinue macho. Aliye juu ya msalaba atupima pia, naye aujua uzito wetu kwamba hautoshi. Kwa sababu hiyo ameuweka uzito wake mwenyewe upande wetu wa mizani.

Ee Bwana, utuchunguze ungali mchana, utufungue tuliofungwa, na wale wanaolia usiku kwa ajili ya watoto wao uwafariji. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.